Tonge Linapokwama: Miaka 120 ya Kutibu Saratani ya Umio kwa Mionzi, Kutoka Vienna Hadi Kanda ya Ziwa

Januari 1958, pale Mwadui mkoani Shinyanga, alifariki John Williamson. Kama umekulia Shinyanga jina hilo si geni kwako. Huyu ndiye Mkanada, mtaalamu wa miamba, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na kuwa mmoja wa watu matajiri kabisa katika Tanganyika ya wakati ule. Mwaka 1947 mgodini kwake ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akamzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Miaka 11 baadaye, akiwa na umri wa miaka 50, Williamson akafa kwa saratani ya koo.

Nimeanza na tajiri huyu makusudi. Tukizungumzia saratani Kanda ya Ziwa, mazungumzo huishia haraka kwenye pesa: "angekuwa na hela angepona." Mwadui kulikuwa na almasi za kutosha, na saratani haikujali. Kwa hiyo leo tuulize swali lingine, ambalo mtu wa Shinyanga au Geita analikuta siku anapopewa majibu hospitalini: mionzi ipo ya aina nyingi, je, ipi inamfaa nani? Kulijibu vizuri inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 120, kwa sababu kila aina ya mionzi ilizaliwa kutatua tatizo fulani, na ukilijua tatizo lenyewe hutachanganyikiwa na majina ya mashine.

Kwanza tuelewane: koo lipi?

"Koo" kwa Kiswahili cha mtaani ni neno pana mno. Linabeba koromeo, linabeba zoloto (pale sauti inapotoka), na linabeba pia umio. Kwa daktari hizo ni sehemu tatu tofauti, na saratani zake hutibiwa tofauti. Hapa tunazungumzia umio: bomba la misuli lenye urefu wa takriban sentimita 25, linaloshusha chakula kutoka koromeo mpaka tumboni.

Angalia mahali lilipo. Limepita katikati ya kifua. Mbele yake, sehemu ya juu, kuna bomba la hewa. Chini kidogo kuna moyo. Nyuma yake kuna uti wa mgongo. Kulia na kushoto, mapafu. Yaani kama kuna kiungo ambacho ukitaka kukipiga mionzi kutoka nje ni lazima upite kwa majirani, basi ni hiki. Shikilia picha hiyo, tutairudia.

Saratani ya umio ina aina kuu mbili. Ulaya na Marekani aina iliyoongezeka sana ni ile ya seli za tezi, inayokaa chini karibu na tumbo. Kwetu inayotawala ni ya seli bapa, zile zinazotanda kwenye ukuta wa ndani wa bomba. Kuna ukanda mrefu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu unaonekana kwa wingi usio wa kawaida, na mara nyingi kwa watu wenye umri mdogo kuliko inavyotarajiwa. Madaktari wa Muhimbili na Bugando walipochapisha takwimu zao mwaka 2013, picha ilikuwa ile ile: seli bapa kwa wingi, na wagonjwa wengi wamefika wakiwa wamechelewa.

Kwa nini wanachelewa? Sababu moja ni kwamba umio unatanuka. Mtu huanza kuhisi kukwama pale njia ya ndani inapobana hadi takriban milimita 13 au chini ya hapo, na wakati huo uvimbe umeshakua sana. Kisha mwili unazoea. Madaktari wana kipimo cha kumeza chenye ngazi tano, kuanzia sifuri hadi nne, nami nitakitafsiri kwa chakula chetu. Sifuri: unakula ugali na nyama kama kawaida. Moja: ugali unashuka kwa maji, nyama inakwama. Mbili: viazi vilivyopondwa na mtori. Tatu: uji tu. Nne: hata maji na mate hayapiti.

Nyumbani kipimo hiki hakina namba. Ni mtoto anauliza, "Baba, mbona hujala?" na mzee anajibu, "Nimeshiba, mwanangu." Miezi miwili mitatu inapita hivyo hivyo.

Vienna, 1904: radiamu ndani ya umio

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza radiamu. Jambo ambalo mtu wa Geita atalipenda ni hili: Marie Curie aliitoa radiamu kwenye marudio. Mji wa Joachimsthal, huko Bohemia, ulikuwa mji wa wachimbaji. Ulianza na fedha, baadaye wakachukua urani kwa ajili ya kutengeneza rangi za vioo. Mabaki waliyoyatupa baada ya kutoa urani ndiyo yaliyopelekwa Paris kwa magunia. Tani za marudio zikachenjuliwa ikapatikana sehemu ndogo ya gramu. Kama umewahi kumwona mtu anarudia kuchenjua mchanga ambao mwenzake ameuacha, unaielewa kazi hiyo vizuri kuliko msomaji wa Paris.

Miaka sita tu baada ya ugunduzi huo, mwaka 1904, daktari Alfred Exner wa Vienna aliripoti wagonjwa wa saratani ya umio ambao aliwaingizia radiamu ndani ya umio wenyewe, ikiwa kwenye ncha ya kifaa chembamba, akaiacha kwa muda karibu na uvimbe. Baadaye kidogo Jean Guisez wa Paris akaiendeleza mbinu hiyo kwa miaka mingi. Walikuwa wanatafuta nini? Kumeza. Njia ikifunguka hata kwa wiki kadhaa, mgonjwa atapata mlo.

Na mara nyingine ilifunguka kweli. Ila hakuna aliyejua kupima dozi. Mionzi ikizidi inachoma ukuta wa umio hadi unatoboka kuelekea bomba la hewa au mshipa mkubwa wa damu. Na daktari mwenyewe alikuwa anaishika radiamu kwa mikono. Wengi wa kizazi kile waliharibika vidole.

Pamoja na hatari hiyo, radiamu ilikuwa ghali kupita kiasi. Hapa ndipo jirani yetu anaingia kwenye hadithi. Mwaka 1915 madini yenye urani nyingi ajabu yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo ya Mbelgiji. Kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilianza kuzalisha radiamu kutoka madini hayo kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji, bei ya dunia ikashuka na washindani wa Marekani wakafunga. Hospitali nyingi za Ulaya zilizotibu saratani miaka ya 1920 na 1930 zilitumia radiamu iliyochimbwa na mikono ya Wakongo. Mionzi ya tiba ilipita Afrika ya Kati kama mawe ghafi kwa miaka mingi kabla ya kurudi huku kama matibabu.

Kondoo dume wa Paris

Wakati radiamu inaingizwa ndani, wengine walikuwa wanajaribu kupiga kutoka nje kwa eksirei. Tatizo lilikuwa ngozi. Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo. Sehemu kubwa ya nishati ilibaki juu juu. Ukitaka dozi ya kutosha ifike katikati ya kifua, ngozi inaungua kwanza.

Aliyefungua fundo alikuwa Claudius Regaud, na alianza na korodani za kondoo dume. Akizipiga dozi moja kubwa ya kumfanya mnyama asizae, ngozi ya pumbu ilikuwa inaungua vibaya. Akiigawa dozi ile ile kwa siku kadhaa, kondoo aliacha kuzaa na ngozi ikabaki salama. Regaud akafikiri hivi: seli za uzazi zinagawanyika haraka kama seli za saratani, na ngozi ni mfano wa tishu ya kawaida. Kumbe ukigawa dozi, tishu nzima inapata nafasi ya kujikarabati kati ya kipigo kimoja na kingine, na saratani inabaki nyuma. Mwenzake Henri Coutard akalipeleka wazo hilo kwa wagonjwa wa saratani ya zoloto na koromeo miaka ya 1920, na baadhi yao wakapona kwa eksirei za nje peke yake.

Ukijiuliza kwa nini leo mgonjwa anaambiwa aje hospitali kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki tano, jibu linaanzia kwa kondoo hao. Ugawaji wa dozi unaokoa ngozi na mapafu. Unachokula ni muda wa mgonjwa. Kwa mtu anayeishi karibu na hospitali hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu wa Nyang'hwale au Kishapu ni habari nyingine kabisa.

Kobalti, halafu linaki

Mwaka 1951, nchini kwao Williamson, Wakanada wakatibu wagonjwa wa kwanza kwa mashine za kobalti-60, mjini London, Ontario, na Saskatoon. Kobalti ya kawaida inawekwa ndani ya tanuri la nyuklia, inameza nyutroni na kuwa kobalti-60, inayotoa mionzi ya gama yenye nguvu kuliko eksirei za zamani. Mionzi hiyo inafikia kilele cha dozi takriban nusu sentimita chini ya ngozi, kwa hiyo ngozi inanusurika. Na mashine yenyewe ni nyepesi kuielewa: chanzo ndani ya kichwa kizito cha madini ya kuzuia mionzi, na mlango unaofunguka na kufungwa. Ndiyo maana kobalti ilienea nchi nyingi zenye umeme wa mashaka.

Lakini kobalti inazeeka. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nguvu kupungua hadi nusu, ni miaka 5.27. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine mpya dakika 2, baada ya miaka mitano na kitu atalala dakika 4 kwa dozi ile ile. Baada ya kumi na kitu, dakika 8. Foleni inarefuka hata kama idadi ya wagonjwa haijaongezeka.

Linaki ilifuata karibu karibu. Hospitali ya Hammersmith, London, ilianza kutibu kwa mashine hiyo mwaka 1953. Haina chanzo cha mionzi ndani. Inatumia umeme kuzikimbiza elektroni na kuzigonga kwenye chuma, eksirei kali zinatoka. Ukizima, mionzi imekwisha. Baadaye ilikuja CT skani miaka ya 1970, na kompyuta zikawezesha kuuchora uvimbe kwa pande zote tatu. Miaka ya 1990 ikaja mbinu ya kubadilisha ukali wa mionzi ndani ya mwale mmoja, ili dozi ikunje kona kuukwepa moyo na uti wa mgongo. Na juu kabisa wapo protoni, chembe zinazoweza kusimama ndani ya mwili badala ya kutokea upande wa pili. Kituo cha protoni kwa Afrika Mashariki hakuna.

Duara au shimo la wazi?

Hebu tuweke haya yote kwenye lugha ya Geita. Mionzi ya nje ni kama shimo la wazi. Unaupata mwamba wenye dhahabu, ila unaondoa pia mwamba mwingi usio na kitu. Umio uko katikati ya kifua, kwa hiyo moyo na mapafu ndiyo huo mwamba usio na kitu, ila huu wa kwetu una uhai. Teknolojia zote kuanzia kobalti hadi protoni ni jitihada za kuchimba shimo jembamba zaidi. Faida yake ni kwamba shimo pana linafika pia kwenye matezi ya pembeni ambako saratani hupenda kujificha.

Mionzi ya ndani ni duara. Unashuka moja kwa moja kufuata mkanda. Siku hizi daktari anapitisha mpira mwembamba mtupu mpaka kwenye uvimbe, akiongozwa na kipimo cha kamera, yaani endoskopia. Wahudumu wote wanatoka chumbani, kisha mashine inasukuma chanzo kidogo kama punje ya mchele kupitia kwenye mpira, kinakaa dakika kadhaa, kinarudi. Hakuna tena daktari wa kushika radiamu kwa vidole. Nguvu ya mionzi inashuka haraka kadiri unavyoenda mbali: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo. Uvimbe ulio jirani unapata kipigo kizito, na moyo na mapafu hupata kidogo sana. Udhaifu wake ni huo huo: uvimbe mnene au matezi ya mbali haifikii. Na ikitumika vibaya inaacha kidonda au kovu linalobana njia upya. Kama umio umeshatoboka kuelekea bomba la hewa, haifai.

Kwenye chanzo cha ndani pia nusu-uhai una neno. Radiamu ni miaka 1,600, ndiyo maana haikuchoka. Dhahabu nayo iliwahi kuwa dawa: dhahabu-198 ilitumika kama punje za mionzi, ila nusu-uhai wake ni siku 2.7 tu, kwa hiyo ukiiagiza kutoka mbali inapoa njiani. Leo mashine nyingi hutumia iridiamu-192, siku 74. Maana yake chanzo kinabadilishwa kila miezi mitatu au minne. Ndege, vibali, forodha, malipo, kila mara. Likichelewa moja, mashine nzima ipo lakini haifanyi kitu.

Majaribio yalisema nini

Hapa ndipo ushabiki wa mashine unapokutana na takwimu. Dozi tunaipima kwa grei: grei 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kilo moja ya mwili.

Kwa mgonjwa ambaye bado anaweza kupona, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1992 lililinganisha mionzi ya nje peke yake, grei 64, na mionzi pungufu, grei 50, pamoja na dawa mbili za saratani. Baada ya miaka mitano, kwenye kundi la mionzi na dawa takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa hai. Kwenye kundi la mionzi peke yake, hakuna. Mwaka 2002 wakajaribu kuongeza dozi hadi grei 64.8 pamoja na dawa. Haikusaidia kuliko 50.4. Mwaka 2012 Waholanzi wakaonyesha kwamba grei 41.4 kwa vipindi 23, pamoja na dawa, halafu upasuaji, ilisogeza muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 24 hadi miezi 49. Walionufaika zaidi ni wenye saratani ya seli bapa, aina yetu.

Protoni je? Jaribio la Texas la mwaka 2020 lilionyesha madhara yanapungua, ila muda wa kuishi bila ugonjwa kusonga mbele ulifanana na wa mionzi ya kisasa ya linaki. Umeona mwelekeo? Miruko mikubwa ya kuokoa maisha ilitokana na kuunganisha mionzi na dawa na kisu, kwa mgonjwa aliyewahi. Mashine mpya zaidi zimepunguza maumivu ya njiani, jambo jema, lakini si zenyewe zilizogeuza matokeo.

Kwa mgonjwa aliyechelewa, swali ni lile la Exner: atameza? Waholanzi, mwaka 2004, waliwagawa wagonjwa 209: nusu walipewa stenti, kile kibomba cha waya kinachotanua njia, na nusu mionzi ya ndani mara moja tu, grei 12. Stenti ilifungua njia haraka. Mionzi ya ndani ilichelewa kidogo, lakini kumeza kulidumu zaidi na matatizo yalikuwa machache. Kisha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likafanya jaribio na wagonjwa 219 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, likachapishwa mwaka 2010. Mionzi ya ndani mara mbili, grei 8 kila mara, ilikuwa tiba. Wale walioongezewa mionzi ya nje, grei 30 kwa vipindi 10, walimeza vizuri kwa muda mrefu zaidi. Na mwaka 2021 Waingereza wakaripoti kwamba ukishaweka stenti, kuongeza mionzi ya nje hakuboreshi kumeza, ila kunapunguza kutoka damu.

Hesabu ya Kanda ya Ziwa

Majarida yanahesabu miezi ya kuishi. Mimi nakuomba tuhesabu na siku za kuwa mbali na nyumbani. Vipindi 28 vya tiba ya kuponya ni wiki tano na nusu. Vipindi 23 ni wiki nne na nusu, kisha upasuaji. Vipindi 10 vya kupunguza makali ni wiki mbili. Mionzi ya ndani mara mbili ni safari mbili, kwa kawaida zikipishana kwa wiki moja. Stenti ni safari moja.

Sasa ziweke siku hizo kwenye ramani. Jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Röntgen, na mwaka 1996 likawa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge. Linaki zilifika pale mwaka 2018. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Shinyanga alisafiri karibu kilomita 1,000 kwenda huko kwa tiba ya mionzi, akiwa ngazi ya tatu, anakunywa uji ndani ya basi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Bugando, Mwanza, ikaanza kutoa mionzi, na safari ya Shinyanga ikashuka hadi kilomita 160 hivi. Wa Geita bado alikuwa na foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, mpaka Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la kilomita 3 juu ya ziwa. Kwenye vitabu vya tiba hutakuta daraja likitajwa kama sehemu ya matibabu ya saratani. Kwa mtu wa vipindi 28, ni sehemu ya matibabu.

Mchimbaji mdogo hana mshahara wa mwezi. Akiondoka kwenye duara, mgao wake nao unaondoka. Mkulima wa pamba akikaa Mwanza wiki tano msimu wa palizi, shamba limekwenda. Kwa hiyo wengi huanza na kukatisha. Tiba ya nje iliyokatishwa kipindi cha 12 imekuwa nusu tiba: uvimbe unapata nafasi ya kukua upya, na mgonjwa amekwishabeba madhara.

Na hata mashine yenyewe inaweza kukatisha. Uganda ilikuwa na mashine moja ya kobalti pale Mulago, ya mwaka 1995. Ilipoharibika moja kwa moja mwaka 2016, nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi ya nje, wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi, mpaka mashine mpya ilipoanza kazi takriban mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye. Somo lake liko wazi: mashine moja bora haitoshi kuitwa huduma. Huduma ni mashine mbili za kawaida, fundi aliye karibu, na bajeti ya kubadilisha chanzo.

Kwa hiyo ipi ni bora?

Msimamo wangu ni huu. Kwa aliyewahi na mwenye nguvu, mionzi ya nje pamoja na dawa, ikiwezekana na upasuaji, ndiyo njia ya kuponya, na inafaa kupigania kila siku ya zile wiki tano, iwe ni kobalti au linaki. Kuliko kusubiri mashine ya ndoto, ni heri kumtafutia mgonjwa mahali pa kulala karibu na hospitali ili amalize.

Kwa aliyechelewa, ambao ndio wengi kwetu, mionzi ya ndani inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwenye mazungumzo yetu. Mashine zake zipo nchini, zinatumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa umio kinachoongezeka ni mpira wa kupitishia chanzo unaolingana na umio, daktari wa endoskopia, na nafasi kwenye ratiba. Siku mbili za mionzi dhidi ya wiki za kusafiri, na mtu anarudi kijijini akila ugali na wajukuu: hiyo ndiyo hesabu ninayoiona, nayo haihitaji kusubiri protoni.

Kama kwenu kuna mtu anayekaribia swali hili, muulizeni daktari mambo matatu kabla ya kuanza: lengo ni kuponya au ni kumeza? Ni vipindi vingapi, na tukikosa siku mbili tatu inakuwaje? Je, kwa hali yake, mionzi ya ndani au stenti inawezekana, na inapatikana wapi? Daktari mzuri hachukii maswali hayo.

Na kama bado hamjafika hospitali, angalieni sahani. Mtu mzima aliyekuwa anakula ugali, akahamia kwenye viazi, halafu uji, na anasema ameshiba, apelekwe kupimwa kwa kamera mwezi huu huu. Akifika akiwa ngazi ya kwanza, bado ana uchaguzi wa tiba zote tulizozitaja hapa. Akifika ngazi ya nne, wengi wao hubakiwa na kile alichokuwa anakitafuta Exner mwaka 1904.